Zingira Wei, Okoa Zhao: Wasomaji Wauliza Kuhusu Nahau ya Vita ya Kichina

Barua za safari hii zote zinahusu nahau moja: wéi Wèi jiù Zhào (围魏救赵), yaani "zingira Wei, okoa Zhao". Wengine wanauliza historia yake, wengine lugha, na mmoja anauliza kwa sababu ya biashara. Tumeanza na barua ya mwalimu kwa kuwa jibu lake ndilo linalobeba mengine.

MWALIMU WA HISTORIA, DODOMA

"Ndugu wahariri, salaam nyingi. Wanafunzi wangu wa kidato cha tano wamekutana na maneno hayo, wakaniuliza Wei ni nani, Zhao ni nani, na inakuwaje kumzingira mmoja kumwokoe mwingine. Naomba maelezo kamili, kwa majina na miaka."

Mwalimu, Wei na Zhao si watu, ni dola. China ya karne ya 4 KK haikuwa nchi moja. Wanahistoria hukiita kipindi hicho, kuanzia 475 hadi 221 KK, Zama za Dola Zinazopigana. Dola saba kubwa ziligombea ardhi, na vijidola vidogo vikabanwa katikati yao. Wei ilikuwa katikati ya nchi, Zhao kaskazini yake, na Qi upande wa mashariki, Shandong ya leo.

Mwaka 354 KK Zhao ilishambulia kijidola kimoja kilichokuwa chini ya ulinzi wa Wei. Wei ikajibu kwa kupeleka jeshi kaskazini na kuuzingira Handan, mji mkuu wa Zhao. Mji huo upo hadi leo kwa jina lilelile, katika jimbo la Hebei. Zhao ikaomba msaada Qi, na mfalme wa Qi akakubali. Alitaka jeshi liongozwe na Sun Bin, bingwa wa mipango ya vita, lakini Sun Bin akakataa: alisema haifai jeshi liongozwe na mtu aliyekwisha kuadhibiwa mwilini. Mwanahistoria Sima Qian anaeleza kwamba Sun Bin alisoma elimu ya vita pamoja na Pang Juan, na Pang Juan alipopata ujemadari huko Wei alimwonea wivu mwenzake, akamwita, akamzushia kosa, akamfanya akatwe miguu na kuchorwa alama ya aibu usoni. Mjumbe wa Qi ndiye aliyemtorosha kwa siri ndani ya gari lake. Basi ujemadari akapewa Tian Ji, na Sun Bin akawa mshauri wake, akipanga vita akiwa amekaa ndani ya gari lililofunikwa.

Tian Ji alitaka aende Handan moja kwa moja. Sun Bin akamkatalia. Alimwambia kwamba mtu anayefumua uzi uliotatizika hakunji ngumi, na mtu anayeamua ugomvi hajitupi katikati akaanza kupiga. Piga penye uwazi, penye uhai wa adui, na mambo yatajifumua yenyewe. Kisha akaitaja hesabu yenyewe: askari hodari wa Wei wote wako nje, wamechoshwa na mzingiro, waliobaki nyumbani ni wazee na wanyonge. Tukielekea upesi Daliang, tukazishika barabara zake, watauacha Handan warudi kujiokoa wenyewe. Kwa pigo moja tutakuwa tumeufungua mzingiro wa Zhao na tumeyavuna machovu ya Wei.

Daliang ni Kaifeng ya leo, katika jimbo la Henan. Waonyesheni wanafunzi ramani, Mwalimu, kwa sababu hapa kuna jambo ambalo vitabu vingi hulipita. Kutoka Linzi, mji mkuu wa Qi, Daliang haiko karibu kuliko Handan. Iko mbali zaidi. Kwa hiyo Sun Bin hakuchagua njia fupi. Alichagua mahali ambapo adui hana askari wa kutosha na wala hawezi kupaacha.

Sima Qian anayamaliza mapigano kwa mstari mmoja: Wei ikatoka Handan, ikapigana na Qi mahali paitwapo Guiling, ikashindwa vibaya. Huo ni mwaka 353 KK. Hatua za katikati tunazijua kutokana na maandishi mengine, yaliyoandikwa juu ya vipande vya mianzi na kufukuliwa kaburini mwaka 1972 huko Yinqueshan, mjini Linyi, Shandong. Maandishi hayo yanasema kila upande ulikuwa na askari 80,000 wenye deraya, na Sun Bin alipanga hivi.

Kwanza, asiende Daliang mara moja. Alitaka jeshi lionekane likielekea kusini kuushambulia mji wa Pingling. Pingling ulikuwa na watu wengi na askari wengi, mgumu kuuteka, na jeshi la Qi lingepita njia ambayo masurufu yake yangeweza kukatwa kirahisi. Kwa mtu anayejua vita, hiyo ni safari ya kijinga, na Sun Bin alitaka ionekane hivyo: Pang Juan aamini kwamba majemadari wa Qi hawajui kazi.

Pili, alimuuliza Tian Ji ni maofisa gani wa miji ya Qi wasioijua vita. Akatajiwa wa Qicheng na wa Gaotang. Hao ndio waliotumwa Pingling, na wakapigwa, kama alivyotarajia. Hili ni jambo zito na hatupendi kulifunika. Watu walipelekwa kushindwa ili adui ajiamini.

Tatu, baada ya kipigo hicho, magari mepesi ya vita yalitumwa magharibi mpaka viunga vya Daliang. Lengo halikuwa kuuteka mji. Lilikuwa kumkasirisha Pang Juan. Vikosi vilivyofuata nyuma viligawanywa vidogo vidogo ili vionekane vichache.

Nne, Pang Juan akanasa. Aliacha mizigo yake ya jeshi, akawakimbiza askari usiku na mchana bila kupumzika vituoni. Handan na Daliang zimetengana kiasi cha kilomita 200 kwa mstari ulionyooka, na kwa miguu njia ni ndefu kuliko hivyo. Alipofika Guiling, jeshi la Qi lilikuwa limekwisha kujipanga likimngoja. Maandishi ya mianzi yanasema alikamatwa hapo.

Maana ya nahau imo humo. Ndugu yako anaposhambuliwa na mwenye nguvu, usiende kukutana na nguvu hiyo pale ilipokusanyika; piga kitu ambacho mshambuliaji hawezi kukiacha kipotee, mpaka alazimike kuondoka mwenyewe. Na wanafunzi wasisahau nusu ya pili: ushindi haukupatikana Daliang, ulipatikana barabarani, mtu akirudi amechoka na bila mizigo. Anayeeleza nahau hii bila barabara ya kurudi ameeleza nusu tu.

MSOMAJI, KISUMU

"Wahariri, nimesoma mahali kwamba Handan ulianguka mikononi mwa Wei. Sasa Zhao iliokolewaje?"

Umesoma sawasawa. Handan ulitekwa mwaka 353 KK, na Wei iliushikilia hadi 351 KK, iliporudisha mji huo kwa mapatano yaliyofanyika kwenye mto Zhang. Ile picha ya jeshi la Wei likikimbia kabla ya kuingia mjini imetoka kwenye sura moja ya Sima Qian, ile ya maisha ya Sun Bin. Katika sura nyingine ya kazi hiyohiyo, ile ya watawala wa Qi, mpangilio ni tofauti: Handan unaanguka kwanza, ndipo Qi inaipiga Wei huko Guiling.

Sura hiyo ya pili inaeleza pia baraza la mfalme kabla ya vita. Waziri Zou Ji alitaka Zhao isisaidiwe. Duangan Peng alitaka isaidiwe, lakini kwa namna yake: Qi iushambulie mji wa Xiangling kusini ili kuichosha Wei, iache Handan uanguke, kisha ivune udhaifu wa pande zote mbili. Mfalme akaufuata ushauri wake.

Kwa maoni yetu huo ndio ukweli wa kisiasa wa mwaka ule. Zhao kama dola ilinusurika na baadaye ikaupata mji wake, lakini wakazi wa Handan walionja njaa ya mzingiro na utekaji pia. Qi ilijiokoa yenyewe kwanza. Anayeomba msaada wa namna hii na aelewe kwamba msaada unapita njia ya kuzunguka, na muda wa kuzunguka unalipwa na yeye aliyezingirwa.

MWANAFUNZI WA KICHINA, NAIROBI

"Shikamooni wahariri. Nasoma Kichina chuoni. Naomba mnisaidie matamshi ya nahau hii na namna ya kuitia kwenye sentensi. Mwalimu wangu alicheka nilipoitamka."

Marahaba, mwanetu. Bila shaka kosa lilikuwa kwenye neno la kwanza na la pili. Yote mawili huandikwa "wei" kwa herufi za Kilatini, lakini toni ni tofauti. La kwanza, wéi, lina toni ya pili, sauti inapanda. Ndilo kitenzi, "kuzingira". La pili, Wèi, lina toni ya nne, sauti inashuka ghafla. Ndilo jina la dola. Jiù, "kuokoa", na Zhào zina toni ya nne pia. Kwa hiyo ukiisema vizuri sauti inapanda mara moja kisha inaanguka mara tatu. Ifanyie mazoezi polepole ukigawanya mbili mbili, wéi Wèi, halafu jiù Zhào, kwa kuwa ndivyo ilivyojengwa: kitenzi na jina, kitenzi na jina.

Katika sentensi, mara nyingi huchukuliwa kama jina la mbinu. Wachina husema yòng wéi Wèi jiù Zhào de bànfǎ, "kutumia njia ya kuzingira Wei kuokoa Zhao". Katika maandishi ya heshima zaidi utakuta wéi Wèi jiù Zhào zhī jì, "hila ya kuzingira Wei kuokoa Zhao". Usibadilishe majina ya dola ukaweka ya kwako. Nahau za namna hii, chéngyǔ, huenda na herufi zake kama zilivyo.

Katika orodha maarufu ya Mbinu Thelathini na Sita utaikuta ya pili. Orodha hiyo ina mafungu sita ya mbinu sita sita, na hii imo katika fungu la kwanza, la yule anayepigana akiwa na nguvu. Hapo watu wengi hukosea wakidhani ni mbinu ya mnyonge. Qi haikuwa nyonge. Ilikuwa na jeshi kamili lililoshiba na kupumzika.

MSOMAJI, MOMBASA

"Je, hii si ndiyo ile ya kupiga kelele mashariki ukapiga magharibi? Mbona naona zinafanana?"

Zinafanana kwa nje. Shēng dōng jī xī, "piga kelele mashariki, shambulia magharibi", ni mbinu ya sita katika orodha hiyohiyo, na kazi yake ni kuzuga. Kelele za mashariki ni za uongo mtupu. Adui akigundua ni uongo, mbinu imekufa. Katika kuzingira Wei tishio ni la kweli. Hata Pang Juan angejua kwamba anavutwa, bado Daliang ungekuwa hatarini, na bado angelazimika kuamua.

Iko nyingine inayochanganywa nayo, diào hǔ lí shān, "mtoe chui-milia mlimani", ya kumi na tano. Hapo unamtoa adui kwenye ngome yake ili upate kumpiga au kuingia alikotoka. Huko Handan, Qi haikuwa na haja ya kuingia mahali Wei ilipoondoka. Na fǔ dǐ chōu xīn, "vuta kuni chini ya chungu", ya kumi na tisa, ni kukata chanzo cha nguvu za adui, kama vile kuchoma ghala lake la chakula, bila kumhamisha popote.

Kipimo chetu ni kimoja. Jiulize: adui akiacha kabisa kujali hatua yako, atapoteza kitu halisi? Akipoteza, unazingira Wei. Asipopoteza, unazuga.

MFANYABIASHARA, KARIAKOO

"Ninaagiza mabegi na viatu Guangzhou. Mwagizaji mwingine ameanza kuuza mabegi kama yangu kwa bei ya kunikomoa. Msambazaji wangu Mchina, nilipomlalamikia, akaniandikia maneno hayo manne tu kwenye simu. Alikuwa ananishauri nini?"

Anakushauri usishushe bei ya mabegi. Mshindani wako amekusanya nguvu kwenye mabegi, na pengine anauza kwa hasara. Hasara hiyo lazima kitu kingine kiilipe. Tuseme kinacholipa ni vyombo vya plastiki, anavyouza kwa faida nzuri kwa sababu hana mpinzani. Msambazaji wako anasema: lete vyombo hivyo, viuze kwa bei ya haki, uone kama hatarudi kulinda faida yake na kuyaacha mabegi.

Kabla hujaagiza kontena, hakikisha mambo kadhaa. Ujue kwa hakika faida yake inatoka wapi, kukisia hakutoshi. Tuma mtu akanunue, ahesabu bei ya jumla na ya rejareja, aone bidhaa gani inatoka dukani kila siku. Uwe na mtaji wa kukaa kwenye bidhaa mpya kwa muda, kwa kuwa tishio la wiki mbili halimtishi mtu. Na vyombo hivyo viwe bidhaa unayoweza kuimaliza kwa faida hata kama yeye hatarudi nyuma. Hapo ndipo wengi huumia: wanaagiza mzigo wa kumkera mshindani, mshindani hakereki, na mzigo unawalalia ghalani.

Mabegi yako usiyaache. Handan ulivumilia miezi kabla ya msaada kuonekana. Punguza tu kiasi unachoagiza, ulinde wateja wako wa jumla wanaolipa vizuri, na wale wanaofuata bei peke yake waache waende kwa sasa.

ASKARI MSTAAFU, TABORA

"Vijana wangu, kila mtu anasimulia mbinu hii ilipofaulu. Mimi nataka kujua iliposhindwa, na kwa nini."

Shikamoo mzee wetu. Hili ndilo swali tulilolisubiri. Tuna visa vitatu, na kila kimoja kinaonyesha sababu yake.

Cha kwanza ni cha China yenyewe, mwaka 200 baada ya Kristo, huko Guandu. Cao Cao alikuwa akikabiliana na Yuan Shao aliyekuwa na jeshi kubwa zaidi. Usiku mmoja Cao Cao alitoka na askari 5,000 kwenda kuchoma ghala la chakula la Yuan Shao huko Wuchao. Mshauri Guo Tu akamwambia Yuan Shao: piga kambi ya Cao Cao, mwenyewe hayupo, atarudi mbio. Jemadari Zhang He akapinga. Alisema kambi ile ni imara na haitatekeka, na kwamba ghala likianguka kila kitu kimekwisha. Yuan Shao akamsikiliza Guo Tu: jeshi kubwa likaenda kambini, kikosi chepesi tu kikaenda Wuchao. Kambi haikuanguka, ghala likateketea, na Zhang He mwenyewe akajisalimisha kwa Cao Cao. Sababu ni kwamba mahali palipopigwa hapakuwa wazi. Sun Bin alianza kwa kuhesabu nani amebaki nyumbani. Guo Tu alidhani mwenye kambi akitoka basi kambi ni tupu.

Cha pili ni cha mbali na China, na waliohusika hawakuwahi kusikia habari za Zhao, lakini hoja ni ileile. Mwaka 211 KK Warumi walikuwa wameuzingira Capua, mji ulioungana na Hannibal wa Carthage. Hannibal hakuweza kuvunja mzingiro, akaenda kupiga kambi karibu na Roma yenyewe. Roma ilikuwa na kuta nzuri na askari wa kutosha ndani, na majeshi ya Warumi yaliyouzingira Capua hayakuuachia mji. Hannibal akaondoka mikono mitupu, na Capua ukaanguka mwaka huohuo. Warumi walikuwa na watu wa kutosha kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Mbinu hii huhitaji adui ambaye jeshi lake zuri ni moja tu. Mwenye majeshi mawili hana haja ya kuchagua.

Cha tatu kinatufundisha zaidi, kwa sababu watu walewale walifaulu kwanza kisha wakashindwa. Waasi wa Taiping walikuwa wameufanya Nanjing mji wao mkuu tangu 1853, na majeshi ya Qing, ukoo uliotawala China, yakauzingira kutoka kambi kubwa iliyoitwa Jiangnan. Mapema 1860 jemadari Li Xiucheng alichukua kikosi kidogo, akaenda Hangzhou, akaingia mjini tarehe 19 Machi. Kambi ya Jiangnan ikapeleka askari kuokoa Hangzhou. Li akasimamisha bendera nyingi ili aonekane bado yupo, akatoka kimyakimya, akarudi Nanjing, na Mei mwaka huo yeye na wenzake wakaivunja kambi iliyokuwa imepungukiwa watu.

Mwaka 1861 wakajaribu tena, safari hii kuuokoa Anqing, uliokuwa umezingirwa na Zeng Guoquan. Mpango ulikuwa majeshi mawili yaende magharibi kutishia miji ya Wuhan: Chen Yucheng kaskazini ya mto Yangtze, Li Xiucheng kusini yake. Chen alifika upesi, akauteka Huangzhou mwezi Machi, karibu kabisa na Hankou, mmoja wa miji hiyo. Hapo akakutana na Harry Parkes, ofisa wa Uingereza, aliyemwonya asiiguse Hankou kwa sababu ya biashara ya Waingereza. Chen akasita. Li akachelewa, alipofika Hubei, jimbo la miji hiyo, ilikuwa Juni, na Chen alikuwa amekwisha kuondoka. Hata hivyo sababu kubwa ilikuwa mtu mmoja upande wa pili. Zeng Guofan, kaka yake Zeng Guoquan, aliutambua mchezo na akakataa kuufungua mzingiro hata watu wa Hubei walipokuwa wakitetemeka. Anqing ukaanguka tarehe 5 Septemba 1861, na Nanjing ukafuata Julai 1864.

Kwa hiyo, mzee wetu, kinga ya mbinu hii ipo: kuwa tayari kupoteza kile unachotishiwa, angalau kwa muda, kwa ajili ya kile ulichokishika. Kinga hiyo ni ngumu sana kwa jemadari ambaye juu yake kuna mfalme anayeogopa. Mtu wa kumshambulia kwa njia ya Sun Bin ni yule ambaye bwana wake atamwandikia barua ya kumrudisha nyumbani, hata kama yeye mwenyewe ameelewa mtego. Mao Zedong, alipoandika mwaka 1938 kuhusu vita vya msituni dhidi ya Wajapani, aliitaja nahau hii kwa jina, kwa hali ambapo adui amekaa ndani ya eneo la wapiganaji na hataki kutoka: acha sehemu ya vikosi imzingire, na vingine vikapige kule alikotoka.

MSOMAJI, LUBUMBASHI

"Sun Bin ndiye yule wa mashindano ya farasi? Yalikuwaje?"

Ndiye. Tian Ji alikuwa akicheza kamari ya mbio za farasi na mfalme na wakuu wa Qi, mbio tatu kila mara, farasi wa daraja tatu. Sun Bin akaona kwamba farasi wa kila daraja wanakaribiana, akamwambia: farasi wako dhaifu mpeleke kwa farasi wao bora, bora wako kwa wao wa kati, na wa kati wako kwa wao dhaifu. Alishindwa mara moja, akashinda mara mbili, akachukua dhahabu 1,000.

Ukikaa na kalamu utaona kwamba Tian Ji angeweza kupanga farasi wake kwa namna sita. Kama kila farasi wa mfalme anamzidi wa daraja lake lakini anazidiwa na wa daraja la juu yake, basi katika zile sita ni moja tu inayompa Tian Ji ushindi, na ni hiyo aliyoambiwa. Ila inahitaji sharti: lazima ujue mwenzako ataanza na farasi yupi. Akibadili mpangilio wake baada ya kuona wako, umekwisha. Na wale maofisa wawili waliotumwa Pingling kupigwa walikuwa, kwa hesabu ya Sun Bin, farasi dhaifu wa mbio ya kwanza.

MSOMAJI, MUSCAT

"Sun Bin na Sun Tzu ni mtu mmoja au wawili?"

Ni wawili. Sima Qian anasema Sun Bin alikuwa wa ukoo wa Sun Tzu na aliishi zaidi ya miaka mia moja baada yake. Orodha ya vitabu ya enzi ya Han ilitaja kazi mbili tofauti za vita, moja ya Sun wa Wu, yaani Sun Tzu, yenye sura 82 na nyingine ya Sun wa Qi yenye sura 89. Ile ya Qi, yaani ya Sun Bin, ikapotea kwa karne nyingi, na wasomi wakaanza kudai kwamba haikuwahi kuwepo au kwamba Sun hao wawili ni mmoja.

Mabishano hayo yalimalizwa na makaburi ya Yinqueshan tuliyoyataja katika jibu la Mwalimu. Wafanyakazi wa ujenzi waliyakuta, na wanaakiolojia wakatoa humo vipande vya mianzi zaidi ya 4,900, vingi vikiwa vimevunjika na vimelowa tope. Katika kaburi moja zilikuwamo kazi zote mbili, ya Sun Tzu na ya Sun Bin. Sura inayosimulia Guiling inaitwa Kumkamata Pang Juan. Inapingana na Sima Qian, ambaye kwake Pang Juan anakufa miaka mingi baadaye, katika vita vya Maling vya 341 KK, baada ya Wei kuishambulia dola ya Han na Qi kuelekea tena Daliang. Wasomi wengine husema alikamatwa Guiling akaachiliwa, kisha akafa Maling. Ukifika China, vipande hivyo vya mianzi vinatunzwa katika Makumbusho ya Shandong mjini Jinan, na mahali penyewe pa makaburi, mjini Linyi, pana jumba lake la makumbusho.